Chokaa huilaza sumu, haiiondoi: jibu kwa mama wa Geita

Mama mmoja wa mkoa wa Geita ameniandikia kuhusu shamba la ekari mbili aliloachiwa na marehemu mumewe. Ekari moja na nusu ya juu inazaa kwa wastani. Nusu ekari ya bondeni imepakana na mahali ambapo wachimbaji wadogo walikuwa na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Makarasha yalihamishwa miaka mitano iliyopita, lakini rundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, lilibaki, na mvua ikinyesha maji yanateremka kutoka kwenye rundo hadi shambani yakiwa na rangi ya kutu. Mahindi ya bondeni yanadumaa, majani yanageuka zambarau. Bwana shamba alipima udongo akakuta pH, yaani kipimo cha tindikali, ni 4.3 bondeni na 5.4 juu, akashauri chokaa. Kijana wake aliyeko Mwanza naye amesikia kwamba alizeti hufyonza sumu ardhini. Mama anauliza: "Niweke chokaa au nipande alizeti? Na je, wajukuu waendelee kula mchicha wa bondeni?"

Shikamoo mama. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo haliwezi kusubiri. Wajukuu wasile mchicha huo. Wala matembele, wala kisamvu, wala viazi vya bondeni, hadi majibu ya maabara yatoke. Mboga za majani ndizo zinazobeba kadimiamu, metali yenye sumu, kwa wepesi kuliko karibu mazao yote ya chakula, na majani yaliyo karibu na ardhi hurukiwa na matone ya mvua yenye udongo ndani yake. Risasi, metali nyingine yenye sumu, mara nyingi haiingii mwilini kwa sababu mmea umeinyonya, bali kwa sababu vumbi limeganda kwenye jani au kwenye ganda la kiazi na halikuoshwa likaisha. Mtoto mdogo hunyonya risasi anayoila kwa kiwango kikubwa kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Pandeni mchicha juu, kwenye ile ekari moja na nusu, au kwenye viroba vyenye udongo mnaojua ulikotoka.

Sasa tuje kwenye chokaa na alizeti.

Bondeni kwako kuna magonjwa mawili, na pH aliyopima bwana shamba imeonyesha moja tu. La kwanza ni tindikali. La pili ni metali zilizotoka kwenye mawe ya dhahabu na kwenye dawa za kuchenjulia. Magonjwa haya yanasaidiana, lakini tiba yake si moja, na kwa baadhi ya metali dawa ya ugonjwa wa kwanza inauchochea wa pili. Ndiyo maana sikubaliani na mtu kununua mifuko ya chokaa kabla ya kujua ni metali gani imo.

Tuanze na tindikali. Namba za pH zina udanganyifu wake: kushuka kwa namba moja ni tindikali kuongezeka mara kumi. Kwa hiyo 4.3 ya bondeni ina tindikali zaidi ya mara kumi kuliko 5.4 ya juu. Chini ya 5 hivi, aluminiamu iliyojifunga ndani ya chembe za mfinyanzi huanza kuyeyuka, na aluminiamu iliyoyeyuka huua ncha za mizizi. Hili unaweza kuliona mwenyewe. Ng'oa muhindi mmoja wa bondeni kwa jembe, usiuvute kwa mkono, kisha uloweke mizizi kwenye ndoo ya maji na kuitikisa taratibu hadi udongo uachie. Ng'oa na mmoja wa juu ufanye vivyo hivyo, uiweke miwili sambamba kwenye jani la mgomba. Wa juu utakuwa na mizizi myeupe, mirefu, yenye vijinywele. Wa bondeni, kama aluminiamu imeshika, mizizi yake itakuwa mifupi, minene, ya kahawia, imevimba nchani, haina vijinywele vya kunyonyea. Mmea wenye mizizi ya namna hiyo unakaa na kiu wakati udongo una unyevu sentimita 30 chini yake. Ile rangi ya zambarau ni njaa ya fosforasi: katika udongo wenye tindikali kali, fosforasi hushikwa na chuma na aluminiamu, na hata ukiweka mbolea ya DAP sehemu kubwa inashikwa humo humo.

Hii sehemu ya juu, yenye 5.4, ni udongo wa kawaida wa maeneo yaliyosafishwa na mvua kwa karne nyingi. Chokaa kidogo na samadi zinautosha. Huko sina wasiwasi.

Bondeni hapana. Maji ya rangi ya kutu uliyoyaeleza ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike kwa urefu. Mawe ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa mara nyingi yana salfa ndani yake, hasa lile jiwe la njano linalong'aa likamdanganya mchimbaji mgeni akadhani amepata. Wataalamu huliita pairaiti. Likiwa chini kabisa ya ardhi halina neno. Likishachimbwa, likasagwa likawa unga, likakutana na hewa na maji, linaoza, na linapooza linatoa tindikali ya salfa, ile ile iliyomo kwenye betri ya gari. Bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa huharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Tindikali ikishatokea inayeyusha metali zilizokuwa zimelala ndani ya mchanga, na chuma kinachobaki njiani ndicho hiyo kutu unayoiona. Angalia kingo za mfereji wakati wa kiangazi: ukiona ukoko wa njano hafifu, au unga mweupe wenye ladha ya chumvi (usiuonje, wengine wameshaonja wakasimulia), basi jambo hilo linaendelea hadi leo.

Walioko Kasese, Uganda, wanaijua habari hii. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliofanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982 uliacha rundo la pairaiti, na mvua ikalisomba kuelekea Ziwa George. Ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth kulibaki ukanda wa ardhi iliyo uchi katikati ya mbuga ya nyasi, miongo mingi baada ya mgodi kusimama. Rundo halihitaji mtu wa kuliendesha ili liendelee kutoa tindikali. Mvua na hewa vinatosha.

Kuna mtego mwingine hapa, na nimeona watu wazima wenye elimu wakinasa. Marudio yaliyopitishwa kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, huwa yamechanganywa na chokaa, kwa sababu sayanaidi ikikutana na tindikali inageuka gesi inayoua. Kwa hiyo marudio mapya ukiyapima unakuta pH 9 au 10, na mtu anasema mchanga huu hauna tindikali. Subiri. Chokaa ile inaliwa polepole na tindikali inayozaliwa ndani, na ikiisha pH inaporomoka. Miaka mitano ni muda wa kutosha kwa mabadiliko hayo. Basi usipime rundo mara moja ukaridhika.

Sasa hesabu ya chokaa, uone kwa nini nasema rundo kwanza. Nusu ekari, kina cha sentimita 20, ni tani 520 hivi za udongo. Kama ni tindikali ya kawaida tu, tani 2 za chokaa ya kilimo kwa hekta ni kipimo cha kuanzia, yaani kama kilo 400 kwa nusu ekari yako: mifuko 8 ya kilo 50. Lakini kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti iliyomo kwenye mchanga inahitaji kilo 31 na robo za chokaa safi kwa kila tani ya mchanga huo. Kama udongo wako wote wa bondeni ungekuwa na asilimia 1 tu ya salfa hiyo, ungehitaji zaidi ya tani 16, mifuko 325. Mifuko 8 kwa 325! Aliyekushauri chokaa hakukosea, ila hakuliona rundo kama sehemu ya shamba. Ukimwaga mifuko 8 bondeni huku rundo linaendelea kuteremsha tindikali kila mvua, umelipia chokaa ya msimu mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya jembe na sururu. Chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa rundo, ili maji ya mlimani yapite pembeni yasiliguse. Chini ya rundo, kati yake na shamba lako, jenga tuta la udongo wa mfinyanzi na shimo la kutulizia mchanga, mchanga unaosombwa uishie hapo. Rundo lenyewe lingefunikwa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, nusu mita au zaidi, kisha udongo mzuri na nyasi juu yake, ili mvua na hewa visiingie. Hilo la mwisho huliwezi peke yako na wala si haki ulibebe peke yako. Marudio kwa kawaida yana mwenyewe. Nenda serikali ya kijiji, andika barua, nakala iende kwa Afisa Madini Mkazi na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ueleze rangi ya maji na siku ulizoyaona. Piga picha mvua ikinyesha. Akija mtu anataka kuyachukua marudio akayachenjue upya, muulize anayapeleka wapi, na usikubali mapipa ya sayanaidi yajengwe ukingoni mwa shamba lako. Mchanga uliopita kwenye zebaki, ile metali ya majimaji ya kukamatia dhahabu, ukiingizwa kwenye sayanaidi huifanya zebaki iyeyuke na kusafiri na maji, jambo ambalo zebaki peke yake haifanyi kwa wepesi. Na tafadhali, mtu yeyote wa nyumbani asichote mchanga huo kupiga lipu au kufyatulia matofali. Ni laini, unavutia mafundi, na ni wa bure. Ukishakuwa ukutani mtoto anaupumua kila siku.

Kazi ya pili ni vipimo vya metali. Chukua udongo bondeni kwa kupita zigizaga, sehemu 10 hadi 15, kila moja kina cha sentimita 20, ukichanganya kwenye ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati wala sepetu yenye rangi iliyobanduka, maana zinki na risasi vitatoka huko. Changanya, toa nusu kilo, anika kivulini. Fanya mfuko wa pili kwa sehemu ya juu, ndio utakaoonyesha udongo wenu ulivyo kiasili. Wa tatu toka kwenye ule mfereji wa kutu, usiuchanganye na mingine. Na wa nne, ambao watu husahau: vumbi la uani, sentimita 2 za juu tu, pale watoto wanapocheza. Kwa rutuba na tindikali, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiko karibu nawe. Kwa metali nenda Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wana maabara Mwanza. Waambie unataka risasi, aseniki, zebaki, kadimiamu na shaba. Ukiweza kulipia na kipimo cha salfa kwa mfuko wa bondeni, kitatuambia kama tuko kwenye mifuko 8 au mia na zaidi. Ikiwa fedha ni chache, anza na risasi na aseniki, na mfuko wa uani utangulie.

Kwa nini nasisitiza hivi kujua majina? Kwa sababu ya aseniki.

Risasi, kadimiamu, shaba, zinki na nikeli zina tabia inayofanana: tindikali ikipungua zinajifunga kwenye chembe za udongo, na mmea haufiki kwao kirahisi. Ukiinua pH hadi 6.5 umezilaza. Hazijaondoka. Maabara ikipima jumla ya risasi kabla na baada ya chokaa itapata namba ile ile, ila sehemu inayoyeyuka ndani ya maji ya udongo imeshuka. Aseniki haifuati njia hiyo. Yenyewe hushikwa na kutu ya chuma hasa udongo ukiwa na tindikali kiasi, na ukiinua pH kupita kiasi inaachia. Kwenye mawe ya dhahabu ya kanda yetu aseniki hutokea pamoja na dhahabu, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Mkulima anayemwaga chokaa hadi pH 7.5 kwenye udongo wenye aseniki anaweza kuona mahindi yamestawi vizuri kuliko miaka yote, wakati kisima cha chini kinapokea kilichoachiwa. Majibu yakionyesha aseniki nyingi, tutaishia pH 6 hivi, hatutazidi, na tutaongeza kile kinachoishika, yaani chuma. Hata vumbi la kutu safi la fundi chuma lina kazi hapo.

Fosfeti nayo ni ya kuangalia kwa jicho hilo hilo. Risasi ikikutana na fosfeti hutengeneza madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, na tuna mwamba wa fosfeti wa Minjingu hapa nchini, ambao hufanya kazi vizuri hasa kwenye udongo wenye tindikali. Kwa shamba lenye risasi pekee ningekuambia kaununue. Lakini fosfeti na aseniki ni kama ndugu wawili wanaogombea kiti kimoja: ukileta fosfeti nyingi inaisukuma aseniki itoke. Dawa ile ile, mashamba mawili, matokeo yanapingana.

Zebaki nayo chokaa haiigusi sana. Hofu yangu kubwa ya zebaki ni maji yaliyotuama, kwa sababu kwenye tope lisilo na hewa bakteria huigeuza kuwa aina inayopanda ndani ya samaki na kuingia kwa mlaji. Kama ulikuwa na wazo la kugeuza bondeni kuwa majaruba ya mpunga, liache. Na mpunga una tatizo la pili: udongo uliofurika huachia aseniki, na mpunga huinyonya kuliko nafaka nyingine.

Ukishakinga maji na majibu yakaruhusu, chokaa inawekwa hivi. Nunua chokaa ya kilimo, yaani jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, na ukipata ya dolomaiti ni bora zaidi kwa kuwa inaongeza magnesiamu ambayo udongo wa tindikali huwa umepoteza. Chokaa ya kupaka nyumba imechomwa: ina nguvu zaidi kwa uzito, lakini inaunguza macho na ngozi, na ni rahisi kuzidisha. Jasi usiichukue ukidhani ni chokaa, hata kama muuzaji anasema vyote ni vyeupe. Jasi inasaidia mizizi kwa njia yake, ila haipandishi pH. Dukani omba konzi moja, weka kwenye kisosi, dondoshea siki. Chokaa ya kweli itatoa povu. Dolomaiti inachelewa kidogo, ila ikiwa laini utasikia inachemka ukiinamisha sikio. Kisha isugue kati ya vidole. Ikikwaruza kama mchanga wa mtoni, nusu yake haitafanya kazi kwa miaka. Unataka unga unaofanana na unga wa sembe.

Mwaga miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, siku isiyo na upepo, ukiwa umefunga kitambaa puani. Changanya na udongo kwa jembe hadi sentimita 15 au 20, kwa sababu chokaa haitembei. Ilipo ndipo inapofanya kazi. Nusu kabla ya kulima, nusu baada ya kulima. Samadi iliyooza weka wiki kadhaa baadaye, usivichanganye siku moja, maana chokaa itafukuza naitrojeni ya samadi hewani na harufu yake utaisikia. Samadi hapa haina kazi ya mbolea peke yake: mboji inashika aluminiamu, shaba na risasi kwa mikono yake yenyewe. Weka nyingi kuliko kawaida. Majivu ya jikoni pia ni chokaa dhaifu, ila yachunguze yanakotoka. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au plastiki yanarudisha metali tunazozikimbia.

Na achana na mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. Kila kilo 100 za SA zinakula kama kilo 110 za chokaa, yaani unalipa huku unabomoa kule. Mbolea ya CAN ni nafuu kwa udongo wako. Pima pH tena baada ya mwaka, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Metali iliyolazwa na chokaa huamka chokaa ikiisha.

Kuhusu alizeti, sitaki kumvunja moyo kijana wako. Amewaza vema, na habari hizo zimeenea. Tufanye hesabu. Tuseme udongo wa bondeni una risasi miligramu 500 kwa kilo. Katika tani 520 hizo ni kilo 260 za risasi. Alizeti ikistawi sana kwenye nusu ekari itatoa tani 2 za mabua makavu, na tukiipa sifa kubwa tuseme kila kilo ya bua imebeba miligramu 100. Umeondoa gramu 200 kwa msimu. Kupunguza risasi hiyo nusu tu, misimu 650. Kisha mabua hayo yanakwenda wapi? Yakiliwa na mbuzi, risasi imeingia zizini. Yakichomwa jikoni, imerudi uani na moshi. Ipo mimea inayofyonza kweli. Kangaga (feni) iitwayo Pteris vittata ilitangazwa mwaka 2001 kuwa inakusanya aseniki kwa wingi wa kushangaza. Hata hiyo inahitaji miaka mingi, mahali pa kutupa majani yake, na udongo usio na tindikali. Mimea niliyo tayari kukupa ni ile inayoshika udongo usitembee. Nyasi ya vetiva huvumilia tindikali na metali, mizizi yake hushuka mita kadhaa, na metali nyingi hubaki mizizini badala ya kupanda majani. Panda mistari ya vetiva kwenye tuta la chini ya rundo, miche sentimita 15 kwa 15.

Unaweza kujiuliza kama ardhi ya namna hii imewahi kupona popote. Imepona. Sudbury, nchini Kanada, waliyeyusha shaba na nikeli kwa zaidi ya miaka 80, moshi wa salfa ukaacha vilima vyeusi visivyo na jani. Mtaalamu wa mimea Keith Winterhalder na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laurentian walijaribu vipande vidogo, wakaona jambo ambalo hadi leo linanifurahisha: mahali walipotia chokaa, mbegu za miti ya asili zilizopeperushwa na upepo zilianza kuota zenyewe. Mwaka 1978 manispaa ikaajiri vijana, wengi wanafunzi, wakabeba mifuko ya chokaa ya dolomaiti mabegani kupanda vilimani na kuimwaga kwa mkono, tani 10 kwa hekta, ikifuatiwa na mbolea kidogo na mbegu za nyasi na jamii ya kunde. Zaidi ya hekta 3,000 zimetiwa chokaa na miti takriban milioni 10 imepandwa. Shaba na nikeli bado zimo ardhini. Zimelala chini ya msitu. Ila angalia: moshi ulikuwa umepunguzwa. Wangemwaga chokaa chini ya moshi ule ule wa zamani wangekuwa wanamwaga hadi sasa.

Kwa jirani zetu wa Lubumbashi, nchini Kongo, ambako kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911, mtaa wa Penga Penga ulio upande unakoelekea upepo ulibaki ardhi tupu. Watafiti wa chuo kikuu cha hapo walijaribu chokaa na mboji pamoja na nyasi ndogo ya kienyeji, Microchloa altera, iliyozoea shaba kwa asili yake. Katanga, eneo la Lubumbashi, ina mimea ya namna hiyo tangu zamani, hata ua fulani linaloota juu ya miamba ya shaba na kwenye mabaki ya tanuru za kale. Mmea uliozaliwa kwenye metali unakubali mahali ambapo mbegu ya dukani inakufa.

Ikitokea majibu ni mabaya mno, nusu ekari hiyo isilimwe chakula tena. Bonde la mto Jinzu huko Japani, ambako kadimiamu kutoka mgodini iliingia kwenye mpunga ikavunja mifupa ya akina mama, halikuponywa kwa chokaa. Kuanzia 1979 hadi 2012 walizika udongo wenye sumu na kufunika juu kwa udongo safi, zaidi ya hekta 860. Serikali na kampuni ziligharamia. Mkulima mmoja hawezi. Kwako ningependekeza miti ya mbao, au pamba ukishatia chokaa, maana pamba haivumilii aluminiamu. Kwenye hali ya katikati, mahindi ya nafaka na miti ya matunda hubeba metali kidogo kuliko majani na mizizi. Matunda yaoshwe, mihogo imenywe mbali na jikoni.

Nimelirudia neno uani mara kadhaa kwa makusudi. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani. Kilichosafisha vijiji vile ni kukwangua sentimita chache za juu za ua, kuzizika mbali, na kuleta udongo safi. Kwa hiyo kama makarasha yalikuwa karibu na nyumba, au mtu wa nyumbani alikuwa akirudi na nguo za kazi, usisubiri majibu ili uanze: fagia kwa kunyunyiza maji kwanza, watoto wanawe mikono kabla ya kila kula, viatu vya shamba vibaki nje. Mtoto mwenye tumbo la kuuma bila sababu, asiyetaka kula, aliyerudi nyuma katika kusema au kutembea, mpeleke hospitali ya mkoa uwaambie kabisa kwamba mnaishi karibu na marudio, ili wajue kutafuta risasi kwenye damu na wasiishie kwenye malaria.

Majibu yakitoka, nitumie namba za mifuko yote minne pamoja na urefu wa mteremko kutoka rundo hadi mstari wa kwanza wa mahindi. Hapo nitakupigia hesabu ya mifuko ya chokaa, na kama kuna aseniki tutaipanga upya. Msimu huu bondeni pumzisha. Chimba mtaro kabla mvua hazijaanza.